Chanjo ya mdondo: Yavumilia jua la kijijini, yafia kwenye ndoo ya maji ya bomba

KUKU wa kienyeji anayeuzwa soko la Kisutu, katikati ya jiji la Dar es Salaam, mara nyingi amesafiri safari ndefu kuliko mnunuzi wake. Wengi hutoka Singida, Dodoma, Tabora na Shinyanga, wamejazwa kwenye matenga yaliyofungwa juu ya malori na mabasi. Hufika jijini wamechoka, wana kiu, na wamechanganyika na kuku wa nyumba 20 au 30 ambao hawajawahi kuonana. Mfanyabiashara anayewapokea alfajiri huwa na kazi moja kabla ya kuhesabu: kutazama yupi anainamisha kichwa.

Akiona mmoja kanyong'onyea, kinyesi chake ni cha kijani na shingo imeanza kupinda, anajua tenga zima limeingia hasara. Ugonjwa huo ni mdondo, wengine wanauita kideri. Hauna dawa. Katika kundi ambalo halijachanjwa unaweza kuua kuku wote kwa siku chache, na kuku aliyeupata huweza kukaa siku 5 au 6 akiwa bado anakula na kutembea kabla dalili hazijaonekana. Hizo siku 5 zinatosha kabisa kununuliwa mnadani, kupakiwa, kusafiri na kushushwa jijini.

Kinachowauma wengi ni kwamba kinga yake ipo, si ghali kama zilivyo chanjo nyingi za mifugo, na ilianza kutengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, katika maabara ya serikali iliyopo Temeke, kando ya Barabara ya Mandela ambako malori ya makontena ya bandarini hupita usiku na mchana. Tena ni chanjo isiyohitaji sindano. Kuku anaweza kudondoshewa tone moja jichoni, au akainywa tu kwenye maji.

Hapo kwenye kunywa ndipo fedha za wafugaji wengi, hasa wa mijini, zinapopotelea.

Kwa nini mdomo ulitafutwa

Kwa binadamu, chanjo ya kumeza si jambo geni. Kila mzazi wa Tanzania anayajua matone ya polio ambayo mtoto hupewa kliniki, na tangu Desemba 2012 matone ya kuzuia kuharisha kunakosababishwa na virusi vya rota yaliongezwa kwenye ratiba ya watoto nchini. Zanzibar nayo mwanzoni mwa mwaka 2009 iliendesha zoezi la kuwapa wananchi chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Faida yake inaonekana wazi: hakuna sindano, hakuna maumivu, na anayeitoa hahitaji kuwa daktari.

Lakini mdomo ni mlango wenye walinzi wakali. Kitu chochote kinachomezwa hukutana na mate, asidi ya tumbo na vimeng'enyo vinavyosaga chakula. Chanjo ikimezwa lazima iwe na nguvu ya kuvuka huko bila kuharibika, au ifanye kazi yake mapema, kwenye koo, kabla haijashuka. Ndiyo maana chanjo nyingi za kumeza ni za virusi hai waliopunguzwa makali, ambao wakifika kwenye utando wa koo au wa utumbo huzaliana kidogo na kuuamsha mwili ujilinde. Na hata hapo mafanikio hayalingani kila mahali. Majaribio ya chanjo ya rota yaliyofanyika Malawi na Afrika Kusini, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, yalionyesha chanjo ile ile ilizuia kuharisha kukali kwa takriban asilimia 77 Afrika Kusini lakini asilimia 49 tu Malawi.

Kwa kuku wa kijijini hoja ya mdomo ilikuwa nzito zaidi. Kuku wa kisasa wapo bandani, 1,000 mahali pamoja, na chanjo inayotumika sana kwao, iitwayo La Sota, huja kwenye chupa za dozi nyingi na hudai ubaridi tangu kiwandani hadi bandani. Mama mwenye kuku 15 wanaolala juu ya mwembe, katika kijiji kisicho na umeme, afanye nini na chupa ya dozi 1,000 inayotaka friji? Hata akiipata, chupa ikishachanganywa haisubiri kesho.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Profesa Peter Spradbrow, walilivalia njuga suala hilo katika miaka ya 1980 wakishirikiana na wenzao wa Malaysia, kwa fedha za kituo cha serikali ya Australia kinachoshughulikia utafiti wa kilimo wa kimataifa, ACIAR. Walianza na kirusi kiitwacho V4, kilichopatikana miaka ya 1960 kwa kuku wazima wa Queensland. Kirusi hiki ni cha jamii ile ile ya mdondo lakini hakimdhuru kuku. Wakachagua wale wanaovumilia joto, wakawazalisha, wakawapaka kwenye chakula cha kuku. Wazo lilikuwa rahisi na la kupendeza: mfugaji anarusha chakula asubuhi kama kawaida, kuku wanadonoa, kazi imekwisha.

Huko Malaysia, kwa chakula cha kiwandani, mambo yalikwenda vizuri. Afrika yakagoma. Ilikuja kubainika kwamba nafaka mbichi nyingi ambazo mfugaji wa Kiafrika anazo nyumbani zina vitu vinavyomwangamiza kirusi wa chanjo kabla kuku hajammeza. Mtama uliomwagiwa chanjo huweza kuwa mtama tu, chanjo imekufa juu yake. Wali mweupe ulionekana kuwa na nafuu. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, Philemon Wambura, alilifuatilia jambo hilo kwa miaka kadhaa, akapima uhai wa kirusi kwenye mchele mbichi, uliookwa, uliopakwa mafuta na uliopikwa, na mwaka 2009 akachapisha matokeo ya kuchanja kuku kwa mchele uliopakwa mafuta. Ni kazi nzuri, lakini mfugaji ana haki ya kuuliza nani atawapikia kuku wali wakati watoto wanakula ugali.

Mbegu iliyotolewa bure

V4 ilikuwa na kasoro nyingine ambayo si ya maabara: ilikuwa na wenyewe, kibiashara. Spradbrow na wenzake wakarudi kutafuta kirusi kingine cha aina hiyo ambacho nchi maskini zingeweza kukizalisha zenyewe bila kumlipa mtu. Walichambua virusi vingi visivyo na madhara kutoka kwa kuku wa Queensland, wakavipitisha kwenye joto ili kuona kipi kinasalimika, na kilichoshinda kikaitwa I-2. Mbegu yake mama ikatolewa bure kwa maabara za serikali za nchi zinazoendelea zilizoiomba.

Hapa ndipo Temeke inapoingia. Maabara hiyo kwa miaka mingi ilijulikana kama Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Mifugo, baadaye ikawa Maabara Kuu ya Mifugo, na tangu mwaka 2012 ni Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Wambura pamoja na watafiti wa Temeke, Kapaga na Hyera, walijaribu I-2 kwa kuku wa kisasa na wa kijijini nchini, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Miaka michache baadaye Tanzania, Malawi na Msumbiji ziliingizwa kwenye mradi wa kudhibiti mdondo kusini mwa Afrika uliogharamiwa na Australia kuanzia mwaka 2002. Msumbiji iliita chanjo yake ITA-NEW. Ya Tanzania inaitwa TEMEVAC, na asiyejua jina limetoka wapi atazame herufi nne za kwanza.

Jinsi inavyotengenezwa ni jambo ambalo mfugaji wa kuku atalielewa haraka kuliko mtu mwingine, kwa sababu kiwanda chenyewe ni yai. Huchukuliwa mayai yenye mbegu, yaliyoatamiwa kwenye mashine kwa siku 9 hadi 10. Hayo si mayai ya kuokota. Hutakiwa yatoke kwa kuku wanaofuatiliwa ili wasiwe na magonjwa, la sivyo chanjo itabeba ugonjwa wa mama yake. Yai humulikwa kwa taa kuona kiinitete kinacheza, ganda hutobolewa tundu dogo, na tone la mbegu ya I-2 huingizwa kwenye majimaji yanayokizunguka kiinitete. Tundu huzibwa, yai hurudi kwenye joto kwa siku kama nne. Kirusi huzaliana humo. Kisha mayai huwekwa kwenye baridi usiku kucha, hufunguliwa juu, na yale majimaji huvunwa.

Baada ya hapo ni vipimo. Je, kuna bakteria? Kirusi yumo kwa wingi gani? Kiwango kinachokubalika kwa tone la jichoni ni virusi hai wasiopungua milioni moja kwa kila kuku. Ikipungua hapo, kuku atachanjwa na hatakingwa, na hakuna macho ya mfugaji yanayoweza kuona tofauti. Kinachopita hugawanywa kwenye vichupa na kukaushwa kwa mashine inayogandisha na kunyonya maji yote, kikabaki kidonge kikavu chini ya kichupa. Utengenezaji wa chanjo za TVLA ulihamishiwa Kibaha, mkoani Pwani, kwenye kituo chake cha chanjo, na mji huo huo baadaye ukapata kiwanda cha chanjo za mifugo cha kampuni ya Hester Biosciences kutoka India.

Ikiwa imekaushwa hivyo na kuwekwa gizani, I-2 huhimili wiki 8 kwenye joto la nyuzi 28 bila kupoteza nguvu. Kwa chanjo, hilo ni jambo kubwa. Matone ya polio huhifadhiwa kwenye maghala yakiwa yamegandishwa kabisa. Kwa I-2, mchanjaji wa kijiji anaweza kuifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akaiweka kwenye kikapu cha baiskeli na kwenda vijiji vitatu.

Neno 'inahimili joto' limewaponza

Ila neno hilo limeeleweka vibaya. Kuna wenye maduka ya pembejeo, Kariakoo na kwingineko, wanaoipanga chanjo hii kwenye rafu karibu na dawa ya minyoo, na wateja wao wanaamini ni sawa kwa kuwa wameambiwa haihitaji friji. Wiki 8 kwenye nyuzi 28 si miezi 8 kwenye duka la bati ambalo saa nane mchana, Februari, linazidi nyuzi 35. Na hizo wiki huhesabiwa tangu ilipotoka kwenye ubaridi mara ya kwanza. Haianzi upya kila inapobadilisha mkono. Kichupa kilichokaa wiki tatu bila ubaridi kwa muuzaji wa jumla, wiki nne kwa wa rejareja na siku kumi kwenye kabati la mfugaji kimekwisha muda wake, hata kama tarehe ya karatasi bado haijafika.

Kwa hiyo mwenye duka mwenye friji aitumie. Uwezo wa kuhimili joto ni akiba ya safari, kuanzia dukani hadi kwa kuku. Mnunuzi naye asione haya kuuliza chupa imetolewa wapi, na akiona mkono wa muuzaji unakwenda kwenye rafu badala ya friji, ahamie duka la pili. Kariakoo haina upungufu wa maduka.

Kwenye ndoo

Sasa turudi kwenye kunywa. Mfugaji wa Mbagala, Tandika au Gongo la Mboto mwenye kuku 60 hana muda wa kumkamata mmoja mmoja. Anafungua bomba, anajaza ndoo, anamimina chanjo, anawawekea. Jioni anasema amechanja. Mwezi wa pili kuku wanakufa, na lawama zinakwenda kwa chanjo: ni feki, imechakachuliwa, wametuuzia maji.

Huenda kweli alinunua dawa nzuri, akaiua mwenyewe kwenye ndoo. Maji ya bomba ya jijini hutiwa klorini ili yaue vijidudu, na chanjo hii ni kijidudu hai. Klorini haiulizi huyu ni kirusi mbaya au mzuri. Kirusi aliyevumilia jua la Singida kwa wiki kadhaa hufa kwa dakika chache katika maji ambayo watu wanayaamini kwa usafi wake. Hapa mfugaji wa kijijini anayechota kisimani anamshinda wa mjini, jambo ambalo si la kila siku.

Kurekebisha si kazi ngumu. Maji ya bomba yakichotwa jioni na kuachwa usiku kucha kwenye chombo cha wazi, sehemu kubwa ya klorini huondoka yenyewe. Wataalamu pia hushauri kuongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa kila lita, dakika chache kabla ya kutia chanjo. Maziwa hayo hukamata klorini iliyobaki na kumlinda kirusi. Maziwa ya mafuta hayafai, huganda kwenye vyombo. Chombo chenyewe kisiwe cha chuma chenye kutu wala kile kilichosuguliwa kwa sabuni na dawa ya kuulia wadudu asubuhi hiyo. Plastiki safi iliyosuuzwa kwa maji matupu inatosha.

Kosa la pili ni wingi wa maji. Ndoo ya lita 20 kwa kuku 60 ina maana kila mmoja atakunywa kidogo na nyingine kubaki juani. Kuku wanyimwe maji usiku ili asubuhi wawe na kiu, na wapewe maji ya chanjo kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili, kivulini, kwenye vyombo vya kutosha. Vyombo vikiwa vichache, jogoo na kuku wakubwa hunywa, vifaranga hufukuzwa. Na vifaranga ndio wanaokufa wa kwanza.

Hata yote hayo yakifanywa sawasawa, ukweli ubaki wazi: tone la jichoni linakinga vizuri zaidi kuliko maji, na maji ni afadhali kuliko chakula. Jicho la kuku limeunganishwa na koo kwa mfereji mdogo, hivyo tone moja hufanya kazi mara mbili, kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho na kwenye koo lenyewe. Zaidi ya hapo mchanjaji ana uhakika kila kuku amepata chake. Tone ni lile lile kwa kifaranga na kwa jogoo. Kwa njia ya maji, kundi linalochanjwa mara ya kwanza hutakiwa kurudiwa baada ya wiki mbili au tatu, ilhali kwa tone la jichoni mara moja inatosha hadi mzunguko unaofuata, ambao huja baada ya miezi mitatu hadi minne kadiri karatasi ya chupa inavyoelekeza.

Kwa mwenye kuku chini ya 50, basi, hoja ya kukwepa kuwakamata haina uzito. Wanaswe alfajiri kabla hawajafunguliwa, watu wawili, mmoja ashike mwingine adondoshe. Ni kazi ya nusu saa. Baadaye wanawe mikono, maana kirusi wa chanjo akiingia jichoni mwa mtu huweza kuleta wekundu wa siku mbili tatu. Nyama na mayai ya kuku waliochanjwa vinalika bila shida. Maji yaachiwe mwenye mamia.

Kuna jambo moja zuri la virusi hivi ambalo halisemwi sana. Kuku aliyechanjwa humtoa kirusi wa chanjo kwenye kinyesi, na wenzake wanaolala naye banda moja humwokota na kujikinga bila kuguswa. Lakini hilo hutegemea kulala pamoja. Kuku wanaotawanyika kwenye miti hawagawani kitu, na hakuna wa kutegemea chanjo ya jirani.

Hesabu ya chupa na hesabu ya tenga

Tuseme mama wa Manyoni ana kuku 20 na kila mmoja anaweza kuuzwa Sh 15,000. Hiyo ni Sh 300,000 zinazotembea uani. Mdondo ukipita ukabakiza wawili, Sh 270,000 zimekwenda, na wale wawili hawatoshi kuanza upya kabla ya mwaka kwisha. Hakuna bei ya tone la chanjo inayokaribia hapo, hata akichanja mara tatu kwa mwaka. Kinachomzuia mara nyingi ni ukubwa wa chupa, kwa kuwa chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wake, na ikishachanganywa lazima iishe siku hiyo hiyo. Vijiji vilivyofanikiwa vilitatua hilo kwa kuchagua mchanjaji wao, mara nyingi mwanamke, anayenunua chupa moja, akapita nyumba kwa nyumba siku iliyotangazwa na kutoza kidogo kwa kila kuku. Asipolipwa huyo, mpango hufa. Miradi mingi iliyoanza na chanjo ya bure ilikuta wafadhili wakiondoka na mchanjaji anarudi shambani kwake.

Suala hilo limerudi tena. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo ambayo iliwaweka kuku wa asili katika kundi la kuchanjwa bila malipo, huku wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo wakichangia sehemu ya gharama. Bure inasaidia kufika nyumba ambazo hazijawahi kuchanja. Ila mdondo unarudi kila mwaka, na kifaranga aliyeanguliwa mwezi mmoja baada ya timu kupita hana kinga yoyote. Ni nani atakayemdondoshea yeye ndilo swali ambalo halmashauri zinapaswa kulijibu kwa jina la mtu na siku ya kazi.

Kwa upande wa wafanyabiashara, hasara wanayoipata Kisutu wakati mwingine wanaibeba wao wenyewe kutoka kijijini. Mfugaji akiona kuku wawili wamekufa, huwahi kuwauza waliobaki kabla hawajafa. Bei hushuka ghafla, na mchuuzi huiona kama bahati. Tenga lililonunuliwa nusu bei kijiji kinachonuka mdondo huambukiza yale ya bei kamili njiani, na manyoya na matumbo yanayotupwa kwenye kila kituo huuacha ugonjwa kwa kuku wa watu wasiohusika na biashara hiyo. Mchuuzi makini huuliza jambo moja kabla ya bei: mlichanja lini? Na akishusha mzigo, huosha matenga kabla hayajapanda basi kurudi bara.

Si kila jaribio la kuboresha njia ya chanjo limefika sokoni. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza duniani iliyotengenezwa ndani ya seli za mmea, na ugonjwa uliochaguliwa ulikuwa huu huu wa mdondo. Seli zilikuwa za tumbaku, kampuni ilikuwa Dow AgroSciences. Haikuuzwa. Miaka ya 1990 kulikuwa na ndoto kubwa zaidi za viazi na ndizi ambazo mtu angekula na kuwa amechanjwa. Hizo nazo hazijafika kwenye duka lolote la Kariakoo, na mfugaji asizisubiri.

Kilichopo ni kichupa chenye kidonge kikavu, na kalenda. Chanjo huchukua wiki moja hadi mbili kabla kinga haijasimama, na haimsaidii kuku ambaye tayari ameambukizwa. Sehemu nyingi nchini mdondo hupamba moto miezi ya kiangazi, kati ya Agosti na Novemba, kipindi ambacho wafugaji wengi wanakuza kuku kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati bei ya Kisutu inapopanda. Anayelenga soko hilo achanje Julai, arudie Oktoba au Novemba, na ahakikishe kuku aliyechanjwa mara ya mwisho amekaa nyumbani angalau siku 14 kabla hajaingizwa kwenye tenga.